Kitasa cha swichi ya taa kuganda kwenye Land Rover ya zamani

Kaka, kama hicho kitasa, yaani kishikio cha kuzungusha taa, kimegoma kutoka, usikivute kwa plaizi kwanza! Kwenye Series II na IIA za mwanzo (matoleo ya zamani ya Land Rover) swichi ya taa imezunguka tundu la ufunguo, na kile kitasa hakijafungwa kwa uzi wa skrubu wala gundi. Kimeshikwa na pini ndogo yenye springi ndani ya shingo yake. Usipoibonyeza hiyo pini, unachong'oa ni plastiki tu.

Toa terminali ya betri, maana nyuma ya dashibodi pale kuna waya hazipiti kwenye fyuzi. Chomoa ufunguo. Chukua tochi, angalia chini ya shingo ya kitasa huku ukikizungusha kwenye OFF, kisha taa ndogo, kisha taa kubwa. Utaona kitundu kama cha sindano, mara nyingi kimejaa vumbi na rangi ya zamani. Kisafishe, ingiza msumari mwembamba au waya wa spoku ulionyooka, bonyeza, halafu vuta kitasa moja kwa moja kuja kwako.

Pini ikigoma ni kutu. Dondosha mafuta ya kulegeza kutu tone moja moja, siyo kupulizia, yasije yakaingia kwenye silinda ya ufunguo, kisha acha usiku kucha. Mimi huzungusha kamba ya kiatu nyuma ya kitasa na kuvuta ncha zote mbili sawasawa. Plastiki ya miaka 60 ukiibana upande mmoja inapasuka kama biskuti.

Kikishatoka, ile nati ya duara inayoshika swichi utaiona wazi. Na pini ishike kwa kidole, inaruka hiyo.