Ivan na Johannes

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Tumejaliwa mtoto wa kwanza, wa kiume. Kwa desturi yetu Wachagga anarithi jina la babu mzaa baba, yaani Johannes. Mama yake anataka aitwe Ivan. Mzee amekasirika, anasema hilo ni jina la kwenye sinema, si la Kikristo, na kwenye ubatizo haji. Nifanyeje? (Baba mtoto, Moshi)

JIBU: Amina, na hongereni sana. Mzee nampa pole, maana jina analolikataa ni lake mwenyewe.

Kwa Kiebrania ni Yohanani: mwanzo wake ni jina la Mungu, mwisho wake ni kutenda neema. Bwana ametenda neema. (Hana, mama yake Samweli, jina lake limetoka kwenye mzizi huohuo wa neema.) Wagiriki wakatamka Ioannes, Walatini Johannes, kisha kila taifa likalikata kwa ulimi wake: John, Jean, Juan, Giovanni, na kwa Warusi Ivan. Wajerumani hulifupisha wakasema Hans. Jirani zetu Waislamu wanamwita nabii Yohana Mbatizaji Yahya. Hapa kwetu Biblia ya Walutheri inasema Yohana, Wakatoliki wanasema Yohane. Na hilo Johannes la mzee ni matamshi ya Wajerumani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893. Nalo lilikuja kwa meli!

Kuhusu desturi, soma Luka 1:57-63. Siku ya nane jamaa walikuja wakiwa wameshaamua: mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Elisabeti akakataa, ataitwa Yohana. Wakamwambia katika ukoo wenu hakuna mwenye jina hilo. Zakaria, aliyekuwa bubu, akaomba kibao akaandika Yohana. Kwa hiyo kurithisha jina ni heshima nzuri, si sheria ya ubatizo. Lakini angalia: baba na mama walisema neno moja. Ninyi bado.

Ushauri wangu: msiende kwa mzee na somo la Kigiriki. Mzee anataka wajina, mtoto atakayeitwa uani na mzee mwenyewe akageuka kwa kudhani ameitwa yeye. Kwa Ivan hatageuka. Mbatizeni Johannes, cheti cha kuzaliwa kiandikwe hivyohivyo, na mama amwite Ivan nyumbani. Wala hatakuwa amembadilishia jina. Halafu mpelekee mzee mtoto mwenyewe, kabla ya Jumapili.