Hoteli imefungwa, ankara ya umeme imegoma kushuka

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Nasimamia hoteli ya vyumba 44 hapa Arusha. Aprili 2020, korona ilipotufungia milango, tulibaki na walinzi, vyumba viwili vya baridi, taa za nje na pampu ya kisima. Matumizi yalishuka kutoka uniti 38,000 kwa mwezi hadi 6,500. Kilele cha mzigo kwenye mita, yaani mzigo mkubwa kabisa uliovutwa kwa wakati mmoja na kupimwa kwa kVA, kilikuwa kVA 160 mwezi Februari, Machi 140, na Aprili 30 tu. Lakini ankara ya Aprili ilikuwa bado ya mamilioni. Nasikia China na Ghana wafanyabiashara walipunguziwa umeme. Walipunguziwaje? Na sisi tuombe nini ugonjwa mwingine ukitufungia tena?

Jibu: Dada yangu, nashukuru kwa kuweka namba, maana bila hizo tungebaki kulalamika tu. Mita yako haikukosea. Kilichokuumiza kimo kwenye kanuni ya bei yenyewe.

Hoteli yako iko T2, kundi la bei la wateja wakubwa wanaotozwa pia kwa kVA. Kwa bei za Aprili 2016 za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, zilizokuwa zikitumika mwaka 2020, mteja wa T2 alilipa vitu vitatu kabla ya kodi: shilingi 195 kwa kila uniti, shilingi 14,233 za huduma kwa mwezi, na shilingi 15,004 kwa kila kVA ya mahitaji ya juu, yaani kile kilele cha mzigo. Hiyo ya tatu ndiyo mwiba. kVA inayotozwa si lazima iwe ya mwezi husika. Huchukuliwa iliyo kubwa kati ya mbili: kilele cha mwezi huo, au asilimia 75 ya kilele kikubwa zaidi cha miezi mitatu iliyotangulia.

Sasa tupige hesabu ya Aprili. Asilimia 75 ya zile 160 za Februari ni 120. Mita ilisoma 30, lakini ulitozwa 120, yaani shilingi 1,800,480. Uniti 6,500 ni shilingi 1,267,500. Ukiongeza huduma unafika shilingi 3,082,213. Gawanya kwa uniti ulizotumia utaona kila moja ilikugharimu kama shilingi 474. Hoteli ikiwa imejaa, kwa uniti 38,000 na kVA 160, kila uniti ilikutoka kama shilingi 259. Kwa hiyo mwezi usio na mgeni hata mmoja ndio ulionunua umeme wa bei ghali kuliko yote. Na haikuishia Aprili. Mwezi Mei, kilele cha Februari bado kilikuwa ndani ya hesabu, na Juni ukashikwa na kilele cha Machi, ukatozwa kVA 105. Nafuu ya kweli ilianza Julai, wakati ndege za kimataifa zilikuwa zimesharuhusiwa tangu tarehe 18 Mei.

Kanuni hiyo ina sababu yake, nami siikatai. Transfoma, nyaya na mitambo iliyojengwa kwa ajili ya zile 160 zako haiyeyuki ukifunga geti, na madeni yake yanaendelea kulipwa. Lakini ilitungwa kwa ajili ya mteja anayepanda na kushuka kwa hiari yake. Mtu aliyefungiwa na ugonjwa hakuchagua kushuka, na hapo ndipo naona inastahili kulegezwa.

Nchi ulizozitaja zilifuata njia tofauti. China ilitangaza Februari 2020 kwamba biashara na viwanda, isipokuwa vile vinavyokula umeme mwingi mno, vilipe asilimia 95 ya bei yao ya kawaida kuanzia tarehe 1 Februari hadi 30 Juni, kisha ikasogeza mwisho hadi Desemba. Hilo ndilo lililovuma. Mimi lililonivutia ni jingine lililotangulia kwa wiki mbili, ambalo halikusikika sana huku kwetu. Huko nako wateja wakubwa wana tozo ya uwezo inayofanana na kVA yako. Kwa kawaida mteja akitaka kusitisha kwa muda uwezo aliounganishiwa ni lazima asitishe kwa siku zisizopungua 15, na akishachagua namna ya kutozwa hukaa nayo miezi mitatu. Masharti hayo yaliondolewa, na aliyekuwa amesimamisha kazi tangu mlipuko uanze aliweza kuhesabiwa nafuu kwa siku za nyuma. Kiwanda kilichopanua uzalishaji kwa ajili ya kupambana na ugonjwa, kikavuka asilimia 105 ya mahitaji yaliyo kwenye mkataba wake, kilitozwa kadiri kilivyotumia, bila adhabu.

Indonesia nayo iligusa pale pale. Mteja wa biashara au kiwanda huko ana kima cha chini cha kulipa kila mwezi, sawa na bei ya umeme wa kutumia uwezo wote aliounganishiwa kwa saa 40, atumie asitumie. Kuanzia Julai 2020 kikaondolewa kwa muda, mtu akalipa alichotumia.

Ghana ilitumia njia ya hazina ya serikali. Tarehe 9 Aprili 2020 Rais Nana Akufo-Addo alitangaza kwamba serikali ingebeba nusu ya ankara ya nyumba na biashara kwa Aprili, Mei na Juni, kipimo kikiwa ankara ya Machi. Wanaotumia uniti zisizozidi 50 kwa mwezi walibebewa zote.

Ziweke hizo kwenye ankara yako ya Aprili. Punguzo la asilimia 5, kama la China, lingekuokolea kama shilingi 154,000. Kutozwa kVA 30 badala ya 120 kungekuokolea shilingi 1,350,360, karibu mara tisa. Ndiyo maana kwa hoteli, shule ya bweni au ukumbi wa harusi nasema waziwazi: msiombe punguzo la uniti. Ombeni ile asilimia 75 isimamishwe kwa miezi ya kufungwa, ihesabiwe tangu siku mlipofunga, na pengo la shirika la umeme lifidiwe na hazina. Mwenye saluni au mgahawa wa LUKU aliye T1, kundi la watumiaji wadogo, hana tozo ya kVA. Asipotumia halipi, kwa hiyo njia ya Ghana ingemfaa zaidi yeye.

Kuna kazi usiyohitaji kusubiri serikali kuifanya. Siku ya kufunga, piga picha ya mita na uandike barua kwa shirika: tarehe, mzigo uliobaki, ombi la kutozwa kilele halisi, na ombi la kuhamishiwa T1 kwa muda huo. Uniti 6,500 kwa shilingi 292 za T1 zingekuwa shilingi 1,898,000 kabla ya kodi. Mkiwa mmefunga, fundi asijaribu boila, mashine za kufulia na viyoyozi kwa pamoja. Kilele cha asubuhi moja kitakufuata miezi mitatu. Boila leo, kufulia kesho. Na kabla ya yote hayo, mwambie akupimie pawa fakta, yaani sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli. Ikiwa ni 0.8, zile kVA 160 ni kilowati 128 tu. Kapasita, vifaa vinavyofungwa kuirekebisha, zikiipandisha hadi 0.95, kilele kinashuka hadi kama 135, nawe utaokoa kila mwezi, ugonjwa uwepo usiwepo.