Kwa nyie wa msimu wa kwanza wa karafuu: subira si kulala kivulini

Kila mwaka nasema sisemi tena, halafu nawaona vijana wapya vituko ni vile vile. Asubuhi wameanika, saa nne wamejilaza chini ya mwembe, ukiwauliza eti "subira yavuta heri". Heri gani yakhe, na karafuu hujazigeuza hata mara moja?

1. Chuma zikianza wekundu, ikishachanua umekosa. Na tawi likiwa mbali usilivute, mkarafuu unakatika hovyo, ulilolivunja leo ndo ungechuma mwakani.

2. Chambueni usiku ule ule. Najua mmechoka. Na mie nlichoka, mwaka ami aliponipa shamba nisimamie, tukachuma mpaka magharibi, wachumaji wanataka wapimiwe waende zao, nikasema makonyo, vile vijiti vya shada, tutayatoa kesho, mbichi zote nikazishindilia kwenye magunia nikafunga nikaenda kulala. Kumbe zikirundikwa zinafukuta zenyewe. Alfajiri natia mkono guniani, moto kama chungu cha uji, na harufu ya kuchacha. Nikajipa moyo jua litazitengeneza, nikaanika, siku ya pili wingu, siku ya tatu haraka zikanishika nikazimwaga barabarani kwenye lami. Zikakauka nyeupe nyeupe, zimekunjana, na mchanga juu. Kituoni tunakouzia, yule bwana wa mizani akachota kiganja kimoja, akavunja moja, akanitazama, akamwita wa nyuma yangu. Ami hata hakunigombeza. Alikaa jamvini akawa anachagua zilizopona moja moja, na mie nimesimama pale natamani anizabe kofi yaishe.

3. Vuli haipigi hodi. Jamvi likunjwe wingu likionekana, si tone likidondoka.

4. Iliyokauka ukiivunja inalia, ikipinda rudisha juani. Siku nne tano za jua zuri, hakuna njia ya mkato.

5. Kilo tatu mbichi ni kama moja kavu, kwa hiyo msikope kwa hesabu ya mbichi. Aliyechukua simu dukani kwa mkopo anajijua.

6. Wanaotaka kupanda, mche unakaa miaka sita mpaka minane ndo uuone ukizaa. Tufani ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, waliopanda upya walingoja hivyo hivyo, na walingoja wakipalilia. Mche mdogo unataka kivuli na maji kiangazi, sio dua tu.

Na aliyeazima ngazi yangu airudishe, bado sijamaliza kuchuma.