Amerudi Kongo salama, mbona hataki hata kuguswa?

SWALI: Mume wangu ni mwanajeshi. Huu ni mwezi wa nne tangu arudi kutoka ulinzi wa amani Kongo. Mwili hauna jeraha, lakini halali, hataki kuguswa, na juzi usiku embe lilipodondoka kwenye bati aliruka hadi mlangoni. Sasa sokoni naenda peke yangu, wageni nawarudisha, watoto nawanyamazisha. Mama mkwe anadai ameacha mwanamke huko. Nimekosea wapi?
Mama wa wawili, Nachingwea

JIBU: Hujakosea, dada. Ila lipo jambo unalolifanya kwa mapenzi na linamchelewesha kupona.

Kushtuka, kukosa usingizi, kukwepa watu na moyo kufa ganzi vikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha, daktari hupima kama ni msongo wa baada ya kiwewe (PTSD), yaani maradhi ya akili yanayofuata tukio la kutisha. Katika hayo, ganzi ndiyo inayoumiza ndoa sana. Aliyekaa miezi akizima woga ili afanye kazi huzima pamoja nao furaha, hamu na huruma. Hilo si ushahidi wa mwanamke. (Anaweza kuwa naye, kama mume yeyote, lakini si dalili hizi zitakazokwambia.)

Sasa lile jambo. Kila mnapolikwepa soko anatulia, na ubongo wake unahesabu kwamba soko kweli lina hatari. Kubalianeni kurudi taratibu: duka la jirani, dakika 10, asubuhi kabla watu hawajajaa, kila siku. Moyo ukimwenda mbio msiondoke; simameni hapo hapo mpaka upungue. Wengi huharibu kwa kuanzia gulioni, au kwa kukimbia woga ukiwa umepanda, na kesho yake hakanyagi tena.

Akiota vibaya usimtikise wala kumwinamia, anaweza kukupiga kabla hajaamka. Washa taa, simama miguuni pa kitanda, mwite jina: "Upo nyumbani Nachingwea, ni mimi." Na msimu huu wa mabibo, uraka uwe mbali. Pombe humlaza mapema, kisha humkata usingizi usiku wa manane na ndoto hurudi kwa nguvu.

Yapo matibabu ya mume na mke kwa pamoja. Mpango wa wanasaikolojia Candice Monson na Steffany Fredman una vikao 15: kwanza kuzima ugomvi na hatari nyumbani, halafu kuzungumza na kuacha kukwepa, mwisho kuyapa maana yaliyotokea. Jaribio lao lililochapishwa 2012 lilionyesha dalili zikipungua. Mshauri nasaha anaweza kufuata mpangilio huo huo. Akiandikiwa sertralini, dawa ya kutuliza dalili hizi, mvumilie wiki 4 hadi 6. Inaweza kupunguza hamu ya tendo, na mama mkwe atapata la kusema. Mwambieni daktari, asiiache ghafla.

Anzieni hospitali ya kambi. Akihofia wenzake watajua, nendeni ya wilaya mkaombe rufaa Sokoine, Lindi, au Ligula, Mtwara. Akitamka kwamba afadhali afe, nendeni siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, dawa na silaha zitoke nyumbani. Akikupiga, toka na watoto kwanza, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ugonjwa unaeleza hasira. Haukulazimishi kukaa kupigwa.

SWALI: Mchumba wangu anataka nimsimulie yote niliyoyaona vitani. Nikikataa ananuna.
Askari, Mtwara

JIBU: Mapigano si lazima uyasimulie, na mengine ni siri ya kazi. Anachohitaji ni kujua ya leo: nini kinakushtua, ukitoka ghafla maana yake nini, unarudi lini. Mwambie hivi: "Fataki zikilia nitatoka uani. Usinifuate. Nikizidi dakika 20, njoo uniite." Halafu urudi kabla dakika hizo hazijaisha. Ukichelewa bila neno, hiyo nafasi ataijaza mwenyewe kwa mambo mabaya kuliko uliyoyaona.