Dakika tano za kucheza na mtoto bila kumfanyia mtihani

SWALI: Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilihamia Dodoma peke yangu, familia ikabaki Dar es Salaam miaka mitatu. Sasa tumeungana, tunaishi Ilazo. Binti yangu ana miaka 6, mdogo wake 3. Binti ananiheshimu lakini hajanizoea. Nimemnunulia kishikwambi chenye programu za herufi na hesabu, pamoja na ndoo ya matofali ya plastiki. Nikikaa naye chini, haupiti muda anainuka kumfuata dada wa kazi jikoni. Mimi si mcheshi, nililelewa kwa ukali. Kuna semina ya siku mbili hapa mjini, shilingi 150,000, ya "kumwamsha mtoto aliye ndani yako". Wanasema bila hiyo mtu mzima hawezi kucheza wala kuwa karibu na mtu yeyote. Nilipe? (Baba wa Ilazo)

JIBU: Usilipe, ndugu yangu. Nitaisema semina hiyo hapo mbele, ila kwanza tumalize la binti, maana ndilo la haraka.

Mtazame dada akiwa jikoni na mtoto wako. Ana donge la unga wa chapati, amemkatia kipande, mtoto anafinyanga. Mtoto akisema "hiki ni chapati cha paka," dada anaitikia "haya, cha paka," anaendelea na kazi yake. Hamsahihishi ngeli, hamuulizi paka ana miguu mingapi. Ndiyo maana mtoto anakwenda huko.

Karibu kila mzazi anayeleta swali hili anadhani amepungukiwa kitu: vifaa, ucheshi au utoto uliompotea. Kinachowaangusha wengi ni kuugeuza mchezo kuwa mtihani. Baba anakaa mkekani, mtoto anashika tofali, maswali yanaanza. Hili rangi gani? Yapo mangapi? Ukitoa mawili? Hapo unajenga nini? Mbona hujaanza na makubwa? Baba anaamini anacheza. Mtoto anajua yuko darasani, tena mbele ya mwalimu ambaye majibu anayo tayari. Ametoka shule mchana, sasa amerudishwa shule jioni. Inaumiza kuona hivi, kwa sababu wanaofanya kosa hili ni wazazi wanaojitahidi, wale waliotenga muda na fedha. Na wauzaji wa vifaa wanalikuza: kila boksi limeandikwa kwamba litaongeza akili, basi mzazi anakaa akisubiri akili iongezeke.

Ipo tiba ya mzazi na mtoto iliyoanzishwa Marekani miaka ya 1970 na mwanasaikolojia Sheila Eyberg, kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 7. Mzazi anacheza na mtoto, mtaalamu anamwelekeza kutoka chumba cha pili kupitia kifaa cha sikioni. Sehemu ya kwanza ina kipimo cha hesabu. Ndani ya dakika 5 mzazi anatakiwa awe ametaja anachofanya mtoto mara 10, amerudia maneno ya mtoto mara 10, na amemsifu kwa kutaja jambo lenyewe mara 10. Maswali, amri na ukosoaji, vyote kwa pamoja, visizidi 3. Soma tena hesabu hiyo ya mwisho. Wazazi wengi huimaliza kabla dakika ya kwanza haijaisha.

Wewe nyumbani huna haja ya kufuzu, lakini jipime. Jioni moja washa simu irekodi sauti kwa dakika 5, uiweke kando, ucheze kama kawaida yako. Mtoto akilala, sikiliza na uhesabu maswali yako tu. Kisha kesho yake anza kubadilisha. Anapopanga matofali, sema unachokiona: "Umeweka jekundu juu ya bluu." Akisema "hii treni inakwenda kwa bibi," rudia: "Treni inakwenda kwa bibi." Akimsubiri mwenzake, msifu kwa kulitaja jambo: "Umemngoja mdogo wako amalize, umefanya vizuri." Ukimwambia tu "wewe hodari" hatajua amefanya nini.

Na hiyo treni ikitoka Dar es Salaam, ikapita Kondoa, ikavuka bahari, mwache dereva aendeshe. Najua reli ya SGR inafika Dodoma kwa kupitia Morogoro na Kondoa haimo. Mtoto hakukuuliza njia. Ukimsahihisha hapo, umechukua usukani, na mchezo ukishachukuliwa usukani na mkubwa hauna tena cha kumfunga mtoto kwako. Ukaribu unatoka kwenye jambo moja: kwa dakika hizo chache, mtu mwenye amri zote nyumbani anamfuata mtoto.

Chagua saa moja isiyobadilika, kwa mfano baada ya kuoga na kabla ya chakula cha usiku. Dakika 5 zinatosha kuanzia, 10 ni nyingi kwa wiki ya kwanza. Kaa chini, macho yenu yalingane. Kishikwambi kitoke chumbani kabisa, na simu yako pia. Miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma unapeperusha vumbi na kila kitu chepesi, kwa hiyo chezeni sebuleni au upande wa nyumba uliokingwa. Wiki mbili za mwanzo mdogo wake akae na mama muda huo, naye umpe zamu yake siku hiyo hiyo, peke yake. Ukiwachanganya mapema utakuwa mwamuzi wa ugomvi, na mwamuzi hachezi.

Vifaa visivyo na matumizi ya aina moja ndivyo bora. Maboksi, makopo, mabua ya mtama, kipande cha khanga kuukuu, mbegu za ubuyu, vifuniko vya soda. Boksi litakuwa duka leo, kesho bajaji, keshokutwa kaburi la panzi. Mbegu na vifuniko visibaki sakafuni mdogo anapoingia, kwa kuwa wa umri wake huvimeza au kuvisukuma puani.

Siku za mwanzo zitakuwa ngumu, usizitafsiri kuwa umekataliwa. Ataomba kishikwambi. Atanyamaza. Halafu atakupima kwa kukupa nafasi ya chini: utakuwa mbuzi, au mtoto mchanga anayelia, au abiria asiye na nauli anayeshushwa njiani na kondakta mwenye maneno makali. Ipokee. Usipojua mbuzi wake anasemaje, mnong'oneze: "Niseme nini sasa?" Swali hilo linaruhusiwa, kwa sababu linamwachia yeye uongozi. Dakika ya tatu utachoka na utatamani kuuboresha mchezo, uongeze daraja, umwonyeshe namna ya kujenga ukuta usioanguka. Usiguse. Rudi kwenye kutaja unachokiona. Ikibaki dakika moja, mwambie, na muda ukiisha maliza hata kama mmenoga. Akipiga mtu au akivunja kitu makusudi, simamisha mchezo wa siku hiyo bila hotuba.

Sharti hili watu wengi hulivunja: mchezo huu usiwe zawadi wala adhabu. Amekosea mchana, mmeshamalizana, jioni dakika zake zipo palepale. Vilevile acha kumtekenya mara tu anaposema acha, hata kama bado anacheka. Kicheko cha kutekenywa si ruhusa.

Sasa kuhusu kutokuwa mcheshi. Kucheza si kuchekesha. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba kila mchezo wa kuigiza una kanuni ndani yake. Mtoto akikipanda kijiti na kukiita farasi, hakitendei kijiti apendavyo, anakitendea kama farasi anavyotendewa. Mtoto anayejifanya mama haruhusu mama huyo aende sokoni bila kikapu. Kwa hiyo mtu aliyelelewa kwa utaratibu mkali anaziweza kanuni vizuri sana. Tofauti ni mtunga kanuni, ambaye safari hii ana miaka 6. Ushiriki wako hauhitaji sura ya kuchekesha. Unahitaji ulipe nauli kwa jani bila kucheka kwa dharau.

Akikaribia miaka 7 atazidi kupenda michezo yenye ushindi: rede, kombolela, mdako. Usimwachie ushindi kila mara, watoto huligundua hilo wakajisikia wamedanganywa. Jiwekee ugumu ulio wazi: kwenye mdako cheza kwa mkono wa kushoto, na umwambie.

Mke wako naye alikaa miaka hiyo mitatu mbali nawe. Kwa watu wazima huna haja ya kutafuta mbali. Kitendawili! Tega. Akishindwa, unamdai mji, anakupa Mpwapwa, unautembelea, unasimulia ulichokula na uliyekutana naye, ndipo unatoa jibu. Humo mna zamu, mna ubunifu, mna kushindwa bila aibu, na watoto wakisikiliza watataka kuingia. Bao la mezani, lenye mashimo 32 na kete 64, linafanya kazi hiyo kwa wanaume wengi vijiweni, ila mara nyingi mke hakaribishwi. Mkaribishe.

Nimefika kwenye semina. Kwamba watu wazima wanahitaji kucheza, nakubali kabisa. Na kwa watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeuweka mchezo na burudani ndani ya wajibu wa mzazi kwa mtoto. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba uwezo huo umefungiwa ndani yako na ufunguo unauzwa ukumbini. Ukaribu haupatikani kwa siku mbili. Unapatikana kwa dakika chache zinazorudiwa miezi na miezi na mtu yule yule, na mtu huyo hayumo ukumbini, yuko nyumbani anakusubiri.

Hilo ni la fedha kupotea tu. Kubwa zaidi ni kinachofanyika ndani. Katika semina nyingi za aina hii watu wanafumbishwa macho, muziki wa taratibu unapigwa, wanaambiwa wamkumbuke yule mtoto aliyeumizwa. Wapo waliopigwa vibaya utotoni, wapo waliobakwa, wapo waliozika wazazi. Mtu anavunjika mbele ya watu asiowajua, wengine wana simu mkononi, mhamasishaji anamkumbatia, makofi yanapigwa, kisha Jumapili jioni kila mmoja anarudi kwake. Jumatatu hana wa kumpigia. Kazi ya kumbukumbu za maumivu inafanywa faragha, kwa vikao vingi, na mtu aliyesomea, anayejua pia pa kusimama. Mwenye mzigo huo aende kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Dodoma kuna hata Hospitali ya Mirembe, na anayepita lango lake asionewe haya.

Kwa upande wa binti, mabadiliko yatakuja polepole. Lakini kama ameanza tena kukojoa kitandani, au haongei na mtu, au anarudia mchezo mmoja wa kuumiza huku uso umejaa hofu, au anamkwepa mtu fulani kila anapokuja, hilo si suala la mchezo. Onana na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, simu ya watoto, haina malipo.

Na yeyote anayewaza kulipia mafunzo ya namna hii, yawe ya wazazi, ya wanandoa au ya wafanyakazi, amuulize mwandaaji mambo mawili kabla ya kutoa chochote: amesomea wapi kazi hii na kwa muda gani, na mshiriki akizidiwa Jumamosi usiku atahudumiwa na nani, kwa jina na namba ya simu. Akijibu kwa ushuhuda wa waliofanikiwa, bado hajajibu.