Bomba la uani linadondosha maji: usibadilishe lote kwanza

Dada, umesema bomba la uani kwenye nyumba yenu ya zamani hapo Tororo linadondosha hata mkilikaza, na fundi anataka abadilishe lote. Usimpe hela bado. Mara nyingi ni wosha tu, kile kipande cha mpira cheusi cha ndani, kimeliwa.

Funga maji kwenye koki ya karibu na mita, fungua kichwa cha bomba kwa spana. Ukikuta mpira una mfereji wa duara, ndiye mwizi wako. Nenda nao dukani ulinganishe. Bomba nyingi za uani ni za nusu inchi. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole pale mpira unapokalia. Pakikwaruza, hata wosha mpya italiwa upesi, na hapo fundi ana haki.

Maji yakitokea shingoni mwa mpini, hilo ni jingine: kaza kidogo nati ya juu.

Na acheni kukaza kama mnakamua blanketi! Ndiko kunakoua mpira. Tena, bomba likisimama peke yake, lifungeni kwenye nguzo. Watoto wakitundika majerikeni, maungio ya chini ya udongo yanalegea bila mtu kuona.