Usisaini mkataba usio na tarehe ya kukabidhi

Mkuu, usisaini. Umesema mwekezaji anataka kupandisha ghorofa kwenye kiwanja alichowaachia marehemu mzee hapo Kijitonyama, yeye achukue asilimia 60 nyie 40, na mama bado anaishi humo. Unauliza mgawanyo ni wa haki, kodi analipa nani, hati akae nayo nani. Mimi nimekwama pale uliponukuu kwamba jengo litakamilika "ndani ya muda muafaka". Maneno hayohayo ndiyo yaliyotumaliza sisi.

Yetu ilikuwa Sinza. Mama akahamishwa, nyumba ikavunjwa ndani ya wiki moja, mpaka mwembe wake uking'olewa. Wakachimba msingi, wakasimamisha nondo za nguzo, kisha kimya. Masika yalipokuja shimo likajaa maji hadi jirani akawa ananitania kama tumeanza kufuga kambale. Nilicheka naye, ningefanyaje? Mama yuko kwenye chumba cha kupanga, kila nikienda ananiuliza, "Wamefikia wapi, mwanangu?" Mwaka wa tatu ukizishika zile nondo kiganja kinabaki chekundu kwa kutu.

Aliyetuponza ni wakili, tena aliletwa na mwekezaji mwenyewe. Nilimuuliza kabisa, mbona hakuna tarehe? Akasema, "Hilo sheria inalijaza yenyewe." Hadi leo nikikumbuka damu inachemka, kwa sababu alinipa nusu ya ukweli. Ni kweli Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka kazi ifanyike ndani ya muda unaofaa pale ambapo muda haukutajwa. Ila unaofaa ni upi? Hilo linaamuliwa kwa ushahidi, mkishafungua kesi na kulipa mawakili. Mwenzetu akaja na saruji imepanda, kibali kilichelewa, na kwake miaka minne ikawa muda unaofaa.

Wala msitegemee hakimu awaongezee sharti kwa kuwaonea huruma. Wakili wetu wa pili alinieleza kesi ya Uingereza ya 1889, ya meli Moorcock. Ilifunga kwenye gati la mto Thames, maji yakapwa, ikakalia sakafu ngumu ikaharibika. Mkataba haukusema neno kuhusu sakafu ya mto, lakini wenye gati walibanwa, kwa sababu bila sharti hilo mkataba wenyewe haukuwa na maana. Sharti lisiloandikwa lazima lifikie hapo, liwe la lazima kabisa. Sisi tulidai kodi ya chumba cha mama. Hatukuiandika popote, na tulipomalizana nje ya mahakama hatukupata hata shilingi.

Kwa hiyo tarehe, mkuu. Tarehe ya kuanza, ya kumaliza msingi, ya kupaua, ya kukabidhi funguo. Kisha iandikwe wazi kwamba muda ni kiini cha mkataba, maana bila hivyo kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba kinawaachia kudai fidia tu, kuvunja mkataba hamwezi. Na fidia ya kila mwezi wa kuchelewa itajwe kwa shilingi. Msiandike kidogo ili kumfurahisha, kwa sababu chini ya kifungu cha 74 cha sheria hiyohiyo mahakama haitavuka kiasi mlichokitaja.

Hati ibaki kwenu. Na mpaka tarehe ziwe kwenye karatasi yenye sahihi yake, mama asitoe hata kitanda.